Mbele ya kulipa shule ya uuguzi, miezi mitatu irjansi

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Salamabila



Tuko sita mbele yenu, wasichana wanne na wavulana wawili. Mnatufahamu, ni watoto wenu. Wengine kati yetu wako mwaka wa mwisho wa shule ya uuguzi, wengine wamekwisha kuanza kazi. Wote sita tulianza kwa kujitolea irjansi, maana yake kwenye chumba cha dharura cha hospitali, wakati bado hatujaingia shule. Wengine walifanya vile kule tulikokuwa tumekimbilia, wengine hapa baada ya kurudi. Tumeandika maneno haya pamoja, na mmoja wetu anayasoma.

Komite ilituuliza hivi: vijana wengi waliorudi wanataka kuwa wauguzi, na wazazi wao wanakuja kwenye sanduku la chama kuomba mkopo wa masomo. Je, tuwakopeshe wote? Na wale wanaosema wanataka kwanza kwenda kusaidia hospitali bila mshahara, tuwaache waende, ao ni kupoteza wakati?

Tunajibu mara moja, kisha tutaeleza. Waende kwanza irjansi, miezi mitatu, ndipo mkopo ufuate. Lakini waende na barua ya chama, na mipaka iliyoandikwa. Kijana anayeenda bila mipaka ni heri abaki nyumbani.

Kwanza juu ya pesa, maana hapo ndipo wazee wanapoumia. Tumeona mzazi anauza shamba lake la mihogo, mtoto anaingia mwaka wa kwanza, na siku ya kwanza ya staji anaona mfupa umetoka nje ya ngozi, anaanguka chini kuliko mgonjwa mwenyewe. Baadaye anaacha. Shamba halirudi. Yule mtoto hana kosa, maana hakuna mtu aliyemwonyesha kazi mbele ya shamba kuuzwa. Na sisi tuliokimbia tukarudi hatuko sawa na watu wengine kwa jambo hili. Kijana wetu amekwisha kupoteza miaka miwili, mitatu ya masomo juu ya vita. Hana mwaka mwingine wa kutupa.

Mnajua shule zenyewe. Kuna sekondari ya uganga, ITM, ambako mtoto anaingia baada ya mwaka wa nane, anasoma miaka minne, anatoka A2. Na kuna shule ya juu, ISTM, kwa wale wenye diploma ya Serikali, ndipo wanatoka A1. Zote mbili zina staji. Lakini staji inakuja wakati umekwisha kulipa. Miezi mitatu ya irjansi inakuja mbele ya kulipa. Tofauti ni hiyo tu, na kwa mtu maskini ni tofauti kubwa.

Sasa tuwaambie kijana anakutana na nini kule ndani, maana wengi wanafikiri irjansi ni fasi ya risasi tu. Risasi zinakuja, ndiyo. Lakini usiku wa mvua, wanaojaa ni watoto wa malaria. Mama anafika na mtoto mgongoni, mtoto anashtuka mwili mzima, ao amelala tu haamki, na ukifungua kiganja chake ni cheupe kama karatasi, damu imekwisha. Kisha wanakuja wakrezeri: ukuta wa shimo umewaangukia upande wa Namoya, ao wamepigana juu ya mfuko wa mchanga. Wanakuja wa pikipiki, wanakuja wanawake waliobebwa kwa kipoyi kutoka mbali, mtoto amekataa kutoka tangu jana. Mzee ameumwa na nyoka, na mguu wameufunga kamba ngumu mpaka umekuwa mweusi. Mtoto amekunywa petroli ya taa, na jirani amemlazimisha kutapika, jambo ambalo halifanywi, maana petroli ikirudi inaingia kwenye mapafu. Kijana anayekaa pale miezi mitatu anajifunza haya yote bila daftari, na anayarudisha mtaani kwake. Hata asipokuwa mwuguzi maisha yake yote, kwenye ile avenyu yake hakuna mtu atapaka mawese tena juu ya kidonda cha moto. Atasema: maji safi ya baridi, kisha hospitali.

Kitu cha kwanza wanachokifanya irjansi ni kuchagua. Mwuguzi anamwangalia kila anayefika, anampa rangi: nyekundu ni wa kuingia sasa hivi, manjano anaweza kungoja kidogo, kijani atangoja zaidi. Fasi nyingine wanaongeza rangi ya machungwa katikati. Haya si mambo ya kupendelea mtu. Lakini mwenye kungoja hajui. Anaona mtu aliyekuja nyuma yake anapita mbele, anasema ni ndugu ya daktari, ametoa pesa, ni kabila lao. Hapo kelele inaanza, na mara nyingine mawe.

Kazi ya kwanza ya kijana wa kujitolea iko pale pale, kwenye benchi ya kungojea. Anakaa karibu na yule baba, anamwambia: "Papa, mtoto wako ana homa lakini ananyonya na analia kwa nguvu. Ule mwingine hana pumzi. Wakimaliza naye, ni zamu yako. Mtoto akianza kushtuka ao akilegea, niite mbio." Na anabaki kuangalia, kwa sababu wa kijani anaweza kugeuka mwekundu saa yoyote. Mwuguzi mmoja mwenye wagonjwa kumi hawezi kutoka nje kueleza. Tumeona chumba kinatulia juu ya msichana mmoja wa miaka kumi na tisa anayejua kuongea na watu.

Na lugha. Hospitali inaandika Kifaransa, inasema Kiswahili, lakini bibi aliyetoka kijijini anaumwa kwa Kibangubangu. Mkrezeri mwingine anaumwa kwa Kibembe. Mtu akiwa na maumivu makali anarudi kwenye lugha ya mama yake. Kama hakuna anayesikia, mwuguzi anaandika "tumbo", kumbe bibi alisema mimba. Watoto wenu wana hizi lugha. Tunaona kwamba katika vitu vyote wanavyoweza kuleta irjansi, hiki ni cha maana kupita nguvu za kubeba.

Ila kubeba nako kuko. Kubeba kipoyi, kuteka maji, kuchanganya javeli kwa kipimo ulichoonyeshwa, kuosha sakafu, kupeleka chupa ya damu laboratwari na kurudi na jibu bila kupita sokoni. Kushika kichwa cha mtu anayeshonwa. Kukandamiza kitambaa safi juu ya kidonda kinachomwaga damu, kwa mkono wenye ganti, na kutoachia mpaka mwuguzi aseme. Kuandika jina. Hili la jina wengi wanalidharau, lakini mtu akifika hana fahamu na hakuna ndugu, anayeweza kuuliza waliomleta, "mmemtoa wapi, ni mtoto wa nani?", amemwokoa asizikwe bila watu wake kujua.

Kuna jambo la damu tuliseme pole pole. Mtoto mwenye kiganja cheupe anahitaji kuongezewa damu, na mara nyingi damu inatoka kwa jamaa. Jamaa wanaogopa. Wanasema damu yetu inauzwa, wanasema baba akitoa damu atakuwa mzaifu hatalima tena. Kijana wa kujitolea ndiye anatumwa kuwatafuta na kuwaelimisha. Anawaeleza kwamba damu inapimwa kwanza, ukimwi, hepatiti B na C, kaswende, na kikundi chake, na kwamba mtu mzima mwenye afya mwili wake unairudisha. Asiwadanganye kitu. Asiwaambie mtoto atapona kwa hakika, maana akifa, ule mlango wa damu umefungwa kwa jamaa nzima na kwa kijiji chao.

Hayo ndiyo mikono inafanya. Sasa isiyoyafanya.

Mikono ya kijana wa kujitolea haishiki sindano. Haitundiki serumu, haigawi dawa, haishoni, haipimi mimba. Haya tunayasema kwa sauti juu tumeona. Katika hospitali moja tuliyopita wakati wa kukimbia, hatutaitaja, wauguzi walikuwa wachache, na mwenzetu mmoja aliyesimama hapa alipewa sindano siku yake ya pili. Wakamwambia: choma, utajifunza. Alikataa. Wakamwambia basi huna faida, rudi kwenu. Alirudi. Baadaye akaenda kuomba kwingine, akapokelewa vizuri, na leo ni mwuguzi mwenye diploma. Lakini wangapi wanakataa? Kijana wa miaka kumi na nane, mtu mkubwa anamwamuru, mgonjwa anangoja, na kwa kweli anatamani kuchoma. Atachoma. Baada ya miezi sita atajiona anajua. Baada ya mwaka atafungua chumba chake na kabati la dawa karibu na karyeri, ataandika "poste" mlangoni, na wakrezeri watakwenda kwake kwa sababu ni karibu na anapokea deni. Tunawajua watu wa namna hiyo. Ninyi pia mnawajua, na mnajua wamewazika akina nani.

Hii hatari inaanza na nguo. Ukivaa bluzi nyeupe, watu wanakuita muganga. Unatembea kwenye korido, mama anakushika mkono: "Muganga, ona mtoto wangu." Siku ya kwanza unamwambia mimi si muganga. Siku ya ishirini hausemi tena. Kwa hiyo tunaomba chama kishone majile ya rangi nyingine, rangi ya buluu ao kijani, lakini isiwe nyeupe, na nyuma iandikwe MSAIDIZI kwa herufi kubwa. Sheria ya 2016 iliyounda Chama cha Wauguzi cha nchi inataka mwuguzi awe ameandikwa kwenye orodha yake. Jile halimwandiki mtu popote, na hilo kijana alijue tangu siku ya kwanza.

Wazee wa Kasongo watakumbuka habari nyingine inayofanana na hii. Tangu 1971 kulikuwa Kasongo mradi wa afya pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji. Mpaka leo wanaosoma afya ya jamii katika nchi nyingine wanaujua kwa jina la Kasongo, na sisi watoto wa Maniema tunalisikia jina la kwetu shuleni mara ya kwanza kutoka kwa mwalimu wa mbali. Wazo lilikuwa jepesi: hauwezi kuweka daktari kila kijiji, basi weka sentre ya afya karibu na watu, mwuguzi awe na maagizo wazi, ajue afanye nini na ajue nini apeleke hospitali. Mpango wa zoni za afya unaoongoza nchi nzima leo, na zoni yetu ya Saramabila (serikali inatuandika kwa r, tumezoea), ulichota mengi kutoka mle. Angalieni vizuri: nguvu ya yule mwuguzi wa sentre haikuwa kujua yote. Ilikuwa kujua fasi ya kusimama. Kijana wetu wa kujitolea ni vilevile, ila mstari wake uko karibu zaidi.

Tufike kwenye kinywa. Kwa Salamabila hili ni kubwa kuliko sindano, na tunaomba wazazi wasikilize.

Irjansi inapokea mtu mwenye risasi. Anaweza kuwa mkrezeri aliyekutana na wezi, anaweza kuwa askari, anaweza kuwa kijana wa porini. Ndani ya mlango ule wote ni wagonjwa, na silaha inabaki nje. Kijana anayejitolea haulizi "uko wa upande gani". Na akifika nyumbani, mama yake akimuuliza nani ameletwa leo, anajibu: wagonjwa. Paka vile. Hata rafiki, hata mchumba, hata chifu. Jina moja likitoka kwenye sahani ya bukari usiku linaweza kumleta mtu mwenye bunduki hospitali asubuhi, kisha nyumbani kwenu. Wazazi, msiwaulize watoto wenu.

Msalaba Mwekundu wenyewe ulizaliwa kwa namna hiyo. Tarehe 24 Juni 1859 kulikuwa vita kubwa Solferino, Italia, na majeruhi kwa maelfu wakapelekwa mji wa karibu, Castiglione. Waganga walikuwa wachache mno. Henry Dunant, mfanyabiashara aliyekuwa anapita kwa mambo yake, akasaidiana na wanawake wa mji ule: maji, vitambaa, supu, kuandika maneno ya mwisho ya wanaokufa. Hawakuwa na shule ya uuguzi hata mmoja wao. Wakawahudumia askari wa pande zote bila kuchagua. Miaka minne baadaye, 1863, ndipo komite ya Geneva ilipoundwa. Basi wazo la msaidizi asiye muganga si la juzi, na tangu mwanzo lilikuja pamoja na kutouliza upande.

Kuna wagonjwa wengine wa kunyamaziwa, wanawake na wasichana waliotendewa jeuri njiani ao shambani. Waganga Wasio na Mipaka walipofanya kazi hapa kwetu, waliwatunza wengi. Msaidizi akimwona mwanamke anasimama mbali mlangoni, hasemi shida yake, asimwite kwa sauti, asimuulize habari mbele ya watu. Amfuate, amwambie "Mama, njoo hapa", ampeleke kwa mwuguzi wa kike kama yuko, na arudi nje. Lakini ajue saa: dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inaanzwa mbele ya masaa 72 kupita, na mapema ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inafika masaa 120. Akichelewa, aje vilevile, kuna matunzo mengine. Hizi hesabu tunataka kila mmoja hapa azishike, hata asiye na mtoto wa kupeleka irjansi.

Na kama msaidizi mwenyewe amechomwa na sindano iliyoanguka, ni yale masaa 72 yanayomhusu. Aoshe kwa maji na sabuni, asikamue, aseme mara moja bila haya. Akianza dawa ni siku 28. Tungependa pia kila kijana achanjwe hepatiti B mbele ya kuanza, kama chanjo inapatikana.

Mama mmoja alituuliza jana: mtoto anafanya kazi bure miezi mitatu, nani anamlisha? Aksanti mama, ndilo swali lenyewe. Kujitolea hakuko bure, kuna mtu analipa, na huyo ni wewe unayebakiza chakula na kulima peke yako. Nchi yetu imezoea. Mareko wanazunguka vijiji juu ya chanjo na kuhesabu watoto bila mshahara, miaka na miaka. Mwaka 2019 surua ilipoenea nchi nzima, na mpaka Januari 2020 ikawa imehesabiwa kuua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto, watu wa namna hiyo ndio waliopita mlango kwa mlango. Tunawaheshimu. Lakini hatutaki msichana wa miaka kumi na tisa awe kibarua asiyelipwa wa hospitali kwa miaka mitatu, na kila mwaka anaambiwa ngoja, utapata nafasi. Miezi mitatu, kisha barua, kisha basi. Na siku za zamu, sahani moja ya chakula itoke kwenye sanduku la chama. Mtoto wa mwenye duka anaweza kujitolea hata bila sahani. Mtoto wa mjane hawezi, na yeye ndiye tunamtafuta.

Juu ya wasichana tuseme wazi. Zamu ya usiku wawe wawili, wasiachwe peke yao. Wakisindikizwa, wasindikizwe na mtu anayejulikana na chama. Mkubwa yeyote anayemwambia msichana kwamba barua yake ya mwisho ina bei, msichana aje kwa mama wa komite siku ile ile, na komite iende hospitali bila kungoja mkutano.

Katika kundi letu la kwanza tulikuwa zaidi ya sita. Wengine waliona, wakasema hapana. Mmoja leo anauza mchele Kasongo na biashara yake inaendelea. Alituambia harufu ya mahali pale ilimfuata mpaka kwenye chakula. Hakuna aliyemcheka. Mama yake hakuuza kitu.

Tunachoomba kwa komite leo ni hivi. Barua ya makubaliano na hospitali, iandikwe kinachofanywa na kisichofanywa, isainiwe pande mbili. Mwuguzi mmoja kila zamu anayejibu kwa ajili ya kijana. Sahani ya chakula. Majile. Na mkopo wa mwaka wa kwanza kwa yule anayemaliza miezi mitatu na bado anataka, hata kama baba yake hayuko, hata kama bado hana kiwanja cha kuweka rehani. Hili la rehani tunajua wazee wengine wanalikataa. Tuongee.

Wanaotaka kujiandikisha waje Jumamosi baada ya salongo, na mzazi ao mlezi, si peke yao. Wenye chini ya miaka kumi na minane wangoje. Waje na viatu vilivyofungwa. Kandambili hapana, maana sakafu ya irjansi inakuwa na maji, na ndani ya maji hauoni sindano.